Msizitupe Kompyuta Zilizokufa



Katika ghala la parokia moja ya upande wa Masisi, nyuma ya viti vilivyovunjika na masanduku ya mishumaa, zimelala kompyuta sita za mezani. Zilitoka Ulaya miaka mingi iliyopita, zikiwa zimekwisha kutumika huko. Zilipokelewa kwa nyimbo, zikapigwa picha, na mwaka haukuisha kabla zote hazijanyamaza. Hivi karibuni vijana walipofanya usafi wa ghala hilo, likazuka swali: tuzifanye nini? Wengi walitaka ziuzwe kwa uzito, kama vyuma vikuukuu. Mmoja alitaka nyaya zichomwe ili ipatikane shaba. Mimi nilisema zifunguliwe, zitengenezwe. Nilichekwa, wala sikuwalaumu waliocheka, maana siku ile sikueleza vizuri. Naomba nafasi ya kueleza leo.

Nianzie mbali kidogo. Wapo watu huko Uingereza, Ujerumani, Marekani, Japani na kwingineko ambao burudani yao ni kukusanya na kufufua kompyuta za nyumbani za zamani. Nasema za zamani ingawa nyingi hazijatimiza miaka hamsini; kwa mashini za aina hii, miaka arobaini ni umri wa Methusela. Kuna Apple II ya mwaka 1977, kuna BBC Micro ya mwaka 1981, na kuna zile mbili za mwaka 1982 zilizoingia katika nyumba za watu wa kawaida kwa mamilioni: ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani. Ziliunganishwa na televisheni ya familia, pale sebuleni. Commodore 64 ilipata jina lake kutokana na kumbukumbu yake, kilobaiti 64. Picha moja mnayoipiga kwa simu siku ya ubatizo huizidi kumbukumbu hiyo mara nyingi.

Mkusanyaji huikuta mashini ya namna hiyo darini kwa marehemu, au katika soko la vitu vilivyotumika, imejaa vumbi, plastiki yake imegeuka njano. Huifungua kwa subira. Vitufe vya kibodi huving'oa kimoja kimoja na kuviosha kwa maji ya sabuni. Ganda la nje hulipaka hidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo zahanati zetu huoshea vidonda, kisha hulianika juani hadi rangi yake ya kwanza irudi. Miguu ya chipu iliyofifia huisugua kwa kifutio cha penseli. Baada ya hayo ndipo huingia katika kazi yenyewe, na kazi yenyewe, mara nyingi sana, huwa ni kapasita.

Kapasita ni kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi mno na kuutuliza, kama vile pipa linavyoyatuliza maji ya mferejini yanayokuja kwa vishindo. Zipo za alumini, zenye umajimaji ndani. Zikizeeka hukauka au huvuja, na kinachovuja huzila njia za shaba kwenye bamba la saketi kama kutu inavyokula bati la paa. Wenye kompyuta za Amiga za mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaujua msiba huo vizuri. Zipo pia za tantali, ndogo, nyingi zikiwa na umbo la tone la maji. Utando mwembamba ulio ndani ya tone hilo ukipasuka, umeme hupita moja kwa moja, na tone zima huwaka moto. IBM PC ya mwaka 1981 ina sifa hiyo. Mtu huiwasha baada ya kulala miaka thelathini, husikia mlio kama wa fataki, chumba hujaa harufu mbaya, na fundi hucheka kwa furaha, kwa sababu sasa anajua ni kapasita gani iliyokufa.

Iliyokufa hutolewa kwa kuyeyusha lehemu iliyoishika, mpya huwekwa mahali pake, lehemu mpya hutiwa. Kwa hiyo mfufuaji wa kompyuta, awe London au awe Tokyo, hakosi vitu viwili mezani pake: kifuko cha kapasita, na kigurudumu cha lehemu, ule uzi laini wenye rangi ya fedha.

Hapo ndipo burudani ya watu wa mbali inapobisha hodi kwetu.

Tantali hutoka katika koltani, na sina haja ya kuwaambia vijana wa Masisi koltani hutoka wapi. Kutoka Rubaya peke yake hutoka yapata asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Lehemu nayo ni bati, na bati hutoka katika kasiterite. Karibu nusu ya bati lote linalotumiwa duniani huishia kuwa lehemu. Vijana wa Walikale hawahitaji kufundishwa habari za Bisie: jinsi kasiterite ilivyogunduliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, jinsi maelfu ya watu walivyohamia mlimani katikati ya msitu, jinsi wabebaji walivyotembea siku mbili na mfuko wa kilo 50 mgongoni hadi Njingala, na jinsi ndege ndogo zilivyotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuuchukua mzigo na kuupeleka Goma. Leo mgodi ule ni wa kampuni kubwa iliyoanza kuzalisha mwaka 2019, na unahesabiwa miongoni mwa migodi yenye madini tajiri zaidi ya bati duniani.

Niruhusuni neno moja la pembeni. Zamani lehemu ilikuwa mchanganyiko, takriban sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliizuia risasi katika vifaa vya elektroniki kwa sababu ya sumu yake, na lehemu ya sasa ni bati karibu tupu, zaidi ya sehemu 95 katika 100, pamoja na fedha na shaba kidogo. Kwenye kigurudumu chake, mtu wa lugha yetu angeandika: "Lehemu isiyo na risasi." Nilipowasomea vijana maneno hayo walitazamana. Bati la Walikale lisilo na risasi! Mmoja alisema hajawahi kuliona.

Sasa turudi kwenye zile kompyuta za miaka ya 1980. Wakati Commodore 64 za kwanza zinauzwa, nchi yetu ikiitwa Zaire, kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuyaunganisha makampuni ya zamani, ilikuwa ikichimba kasiterite katika Kivu na Maniema. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka, na kampuni ile haikupona. Je, ndani ya mashini anayoifungua leo mzee mmoja wa Manchester lipo bati la kwetu? Hakuna awezaye kujua. Katika tanuru bati la Bolivia, la Malaysia na la Zaire huyeyuka likawa kitu kimoja, na jasho la kila mchimbaji likapotelea humo. Lakini swali lenyewe lanitosha. Linanifanya niitazame ile bamba ya kijani kwa heshima ambayo sikuwa nayo.

Lipo jambo lililo karibu zaidi, ambalo wazazi wenu walilishuhudia. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi. Simu za mkononi zilikuwa zinaenea, wafanyabiashara walinunua kwa pupa wakiogopa kukosa, na mwaka uleule ilitoka mashini ya michezo ya PlayStation 2, ambayo wengi huitaja wanaposimulia pupa hiyo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Kwetu, baina ya kupanda na kuanguka, watoto waliacha madaftari wakashika sepetu, mashamba ya maharage yakageuzwa mashimo, na bunduki zikaufuata mfuko wa koltani popote ulipokwenda. Leo PlayStation 2 nayo imeingia katika makabati ya wakusanyaji, pamoja na Commodore na Spectrum. Mtu wa miaka arobaini huko Ulaya akiifungua, anakumbuka utoto wake. Mtu wa miaka arobaini wa Masisi akiifungua, naye angekumbuka utoto wake. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hajapewa nafasi ya kuifungua.

Katika kikao kile cha ghala, dada mmoja hakucheka. Alingoja wenzake wanyamaze, kisha akasema, "Kaka yangu alifukiwa shimoni kule Rubaya. Mwili hatukuupata. Leo unatuambia tujifunze kuchezea midoli ya matajiri?"

Sikuwa na jibu siku ile, na sitaki kujifanya kwamba jibu nililo nalo leo lamtosha. Kutengeneza kompyuta sita hakutapunguza hata ndoo moja ya udongo inayotoka mlimani. Hakutazuia vita. Tangu mwisho wa Aprili 2024, Rubaya ilipobadilisha mikono, koltani imeendelea kutoka; Machi 2025 mapigano yalipofika Walikale mgodi wa Bisie ulisimama, na mwezi uliofuata ukaanza tena. Soko halikusubiri kilio cha mtu. Anayewaambia kwamba kuipenda mashini ya zamani ni njia ya kuleta amani anawadanganya.

Hata hivyo, dada yangu, nimelifikiri neno lako, na nimeona linaniongezea sababu. Kaka yako alitoa maisha yake kwa ajili ya kitu ambacho hakuonyeshwa kamwe. Alikijua kwa uzito na kwa rangi, kwa bei ya asubuhi na bei ya jioni. Hakuna aliyempa bamba mkononi akamwambia: tazama, ile jasho yako imekuwa tone hili; hapa ndipo linapokaa, kazi yake ni hii, na likikosekana mashini yote haiamki. Watu wanaouza kitu wasichokijua hupewa bei ambayo mnunuzi anaitaka. Ni hivyo sokoni kwa maharage, na ni hivyo zaidi kwa koltani.

Tena, kitu kilichogharimu maisha ya mtu hakistahili kutupwa baada ya miaka minne. Hili ndilo ninalowastahi kwalo wafufuaji wa kompyuta za zamani, hata wasipojua Masisi iko wapi. Mbele ya macho yao ipo mashini ya mwaka 1982 inayofanya kazi. Kwa kuitunza wanatoa ushahidi ambao watengenezaji hawapendi kuusikia: ufupi wa maisha ya vifaa vyetu ni uamuzi wa watu, haukuandikwa katika chuma. Simu iliyobandikwa kwa gundi ili betri isibadilishwe ilibuniwa hivyo na mtu mwenye akili timamu, mezani, kwa hesabu. Papa Fransisko alipotoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015 alikemea utamaduni huu wa kutupa. Sisi tunaweza kuongeza neno ambalo wengine hawana haki ya kulisema kama sisi: kila kifaa kinachotupwa kabla ya wakati wake kinamrudisha kijana mmoja shimoni kutafuta cha kukirithi.

Wengine wameniuliza, kwa nini mashini za zamani? Kwa nini tusiombe mpya?

Ombeni mpya, sikatazi. Lakini kwa kujifunza, ya zamani ni mwalimu mwema zaidi. Kitabu cha mwongozo cha Apple II kilikuwa na mchoro kamili wa saketi zake; kitabu cha watunga programu wa Commodore 64 vilevile. Mnunuzi aliweza kuipata mashini pamoja na ramani yake. Ukiiwasha Commodore haikuonyeshi picha za kubonyeza. Inakaa kimya na kungoja umwandikie amri katika BASIC, lugha iliyobuniwa mwaka 1964 na walimu wawili wa Chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata mwanafunzi asiye wa sayansi aweze kuizungumza. Mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuielewa mashini hiyo yote, tangu waya wa umeme hadi herufi kwenye kioo. Simu iliyo mfukoni mwenu hakuna mtu mmoja duniani anayeielewa yote.

Najua hatuna Commodore katika Masisi wala Walikale. Sijaona hata moja. Tulicho nacho ni zile kompyuta za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizotumwa kwetu na watu wenye nia njema, au nia nusu. Nazo zimekwisha kuingia katika uzee unaofaa. Isitoshe, nyingi kati yake zilizaliwa na ugonjwa unaojulikana: miaka ile viwanda vingi vilitumia kapasita za alumini zilizokuwa na umajimaji mbovu, zikavimba vichwa na kupasuka baada ya miaka michache. Fungua kompyuta ya wakati ule, tazama karibu na chipu kuu. Ukiona vijikopo ambavyo vichwa vyake vimetuna, wakati vizima ni bapa kama sarafu, umemwona mgonjwa. Kuvibadilisha ni kazi ya asubuhi moja kwa mkono uliozoea. Kompyuta iliyouzwa kwa uzito, kwa franga za kununulia sabuni, pengine ilihitaji kapasita tano.

Na mikono iliyozoea tunayo. Hili linanisikitisha kuliko yote: tunatafuta mafunzo mbali, na fundi wa redio amekaa pale sokoni chini ya mwavuli, na chuma chake cha kulehemu kinachopata moto kwa betri ya gari na paneli ya jua. Mtu huyu amezitunza redio za kaseti kwa miaka thelathini. Redio ikimshinda, huitolea viungo vyake ili ziponye nyingine tatu. Anatambua kapasita iliyokufa kwa kuitazama tu. Huko Ulaya na Marekani maarifa ya namna hii yana majumba ya makumbusho: kule Bletchley Park, Uingereza, na Mountain View, California, wageni hulipa kiingilio kuona mashini za kale zikiwaka tena. Kwetu tunapita mbele ya mwenye maarifa hayo tukienda kusoma informatika katika darasa ambalo kibodi imechorwa kwa chaki ubaoni. Nimesoma hivyo mimi mwenyewe, mwaka mzima, na nikafaulu mtihani bila kugusa kitufe.

Basi pendekezo langu kwa vikundi vya vijana, wawe Xaveri, Kiro, Kizito-Anuarite au kwaya, ni dogo. Tafuteni meza moja katika chumba chenye madirisha. Mwombeni fundi wa redio aje Jumamosi mbili kwa mwezi, na mumlipe. Nasisitiza hili, kwa kuwa tumezoea kudhani mtu akifanya kazi kwa ajili ya Kanisa tumbo lake halihisi njaa. Nunueni kipimo cha umeme, chuma cha kulehemu, na lehemu. Mashini ya kwanza msikusudie kuiponya. Ifungueni tu, mchore kila kitu mnachokiona, mjue kila kimoja kinaitwaje na kinatoka katika udongo upi. Wakusanyaji wazuri wana desturi nyingine ya kuigwa: kiungo cha zamani walichokitoa hawakitupi, hukiweka katika kifuko chenye maandishi, ili atakayekuja baadaye ajue kilichofanyika.

Tahadhari sitaiacha, kwa kuwa watoto watawafuata. Kisanduku cha umeme cha kompyuta huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya, na kile kioo kikubwa cha zamani chenye mgongo kina umeme wa kuua. Hicho msikifungue kabisa. Lehemu ya mashini za zamani ina risasi. Osheni mikono kabla ya kula, acheni dirisha wazi, mama mjamzito asikae mezani hapo. Tena nyaya zisichomwe. Kijana aliyependekeza tuzichome hakukosea kuhusu shaba, ilimo; alikosea kuhusu moshi, ambao watoto wetu ndio watakaouvuta.

Kuna hatari nyingine isiyotoka kwenye umeme. Tukijulikana kuwa watu wanaotengeneza vitu vibovu, tutaletewa vitu vibovu. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliandikwa na Waafrika wenyewe kuzuia bara hili lisigeuzwe jalala la takataka zenye sumu, na kompyuta mbovu iliyofungwa kwa utepe wa zawadi hubaki kuwa takataka. Anayetaka kutupa, aone haya kututupia sisi. Kwa hiyo viongozi wa parokia wasione soni kuuliza kabla kontena halijapakiwa: inawaka? Ni ya mwaka gani? Viungo vyake vinapatikana? Anayeipenda mashini ya zamani na anayetafuta pa kuitupa hufanana kwa mbali, maana wote wawili wamebeba kitu kikuukuu. Waulizeni wataje ubovu wake. Wa kwanza atawaeleza kwa nusu saa.

Wala nisifiche kwamba kukusanya nako kuna ulafi wake. Wapo huko wanaojaza vyumba kwa mashini wasizozigusa, wakingoja bei ipande, na wengine hununua mashini ikiwa katika sanduku ambalo halijawahi kufunguliwa, nao huapa halitafunguliwa kamwe. Hao mimi siwaelewi. Yule tajiri wa Injili na ghala zake angekaa nao vizuri.

Nirudi kwenye ghala letu. Baada ya mabishano, kikao kiliamua kompyuta tatu ziuzwe na tatu zibaki, uamuzi ambao haukumfurahisha mtu yeyote na kwa hiyo pengine ulikuwa wa haki. Fedha za zile tatu zilinunua kipimo na chuma cha kulehemu. Fundi alikuja Jumamosi ya kwanza. Ya kwanza tuliivua viungo ili iwe somo. Ya pili ilikuwa na kapasita saba zilizotuna; tulipata tano kutoka katika televisheni iliyokufa na mbili zilitoka Goma kwa dereva wa pikipiki. Iliwaka mara ya tatu tulipojaribu, ikapiga mlio mmoja mfupi, na watu wakapiga makofi kama kwenye harusi.

Dada yule alikuwepo. Alikuwa amekaa pembeni, hajasema neno tangu asubuhi. Watu walipotawanyika alisogea mezani, akachukua bamba la ile ya kwanza, akaligeuza chini juu, akauliza, "Ile ya kwetu ni ipi?" Fundi akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi: kitu cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mwembamba upande mmoja. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaomba akitoe mwenyewe, na fundi akamkabidhi chuma.

Ya tatu bado haijawaka. Tunadhani ni kisanduku cha umeme, na Jumamosi ijayo tutakipima.